Kabla ya mguu, damu: kiumbe aliye tumboni hucheza vipi?

Jirani yangu anafuga kuku wa kienyeji, na mwaka huu amenunua mashine ya kutotoleshea ya mayai 60. Usiku wa siku ya saba aliniita kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba mayai yangeamka: "Mwalimu, njoo uone, hili limeota buibui." Akazima taa, akawasha tochi ya simu, akaliweka yai juu ya kitundu alichokikata kwenye kadibodi. Kweli mlikuwa na buibui. Mishipa myembamba myekundu imetawanyika kila upande, na katikati yake doa jeusi linatikisika. Linayumba, linatulia, linayumba tena. "Hilo doa ni jicho, nimeambiwa," akasema. "Sasa mimi nauliza, huyu hata ubongo hajakamilisha. Nani anamwambia acheze?"

Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na bado swali hilo lilinifanya nikohoe kidogo kabla ya kujibu. Limefungamana na maswali mengine ambayo watu huulizana kwenye foleni ya kliniki na kwenye makundi ya WhatsApp, kila moja likijibiwa kivyake na aghalabu vibaya. Mtoto hupumuaje ndani ya maji? Damu yake ni ya mama? Akipunguza kucheza siku za mwisho, ni kwa kuwa nafasi imemwishia? Na inakuwaje mtoto azaliwe mzima, anyonye vizuri, anenepe, kisha baada ya miezi michache wazazi waambiwe ana selimundu (sikoseli) tangu mimba ilipotungwa?

Tuanze na damu, kwa sababu hata ndani ya yai ndiyo hutangulia. Moyo wa kifaranga huanza kupiga siku ya pili, ukiwa bado mrija tu. Mwili wake huanza kujikunja siku ya nne hivi.

Kazi ya damu tunayoishughulikia hapa ni moja: kubeba oksijeni. Mbebaji ni himoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyojazwa ndani ya chembechembe nyekundu. Mjamzito akiambiwa "damu yako ni tisa", hajaambiwa amebakiwa na chupa tisa wala lita tisa. Mtu mzima ana lita kama tano za damu mwilini. Tisa hiyo ni gramu za himoglobini katika kila desilita, na kwa mjamzito tunataka angalau 11. Damu inaweza kuwa tele na wachukuzi wakawa wachache.

Ichukulie himoglobini kama Probox ya abiria wanne (tusiwazungumzie wale wanaopakatana), na abiria ndiyo oksijeni. Gari hili lina tabia yake. Abiria wa kwanza hupanda kwa shida, lakini akishaketi, wa pili huona wepesi, na wa tatu wepesi zaidi. Kwenye mapafu abiria ni wengi, gari linajaa mara moja. Kwenye msuli unaofanya kazi oksijeni ni haba na hewa ya kaboni imezidi, basi gari linawashusha. Huko Copenhagen, Christian Bohr na wenzake walionyesha mwaka 1904 kwamba hewa ya kaboni yenyewe huifanya himoglobini iachie oksijeni. Ndiyo maana mguu unaokimbia hupata zaidi kuliko mguu uliolala, bila mtu kutoa amri.

Mtu aliyeunganisha habari ya damu na habari ya mwendo ni mwanafiziolojia Joseph Barcroft, mzaliwa wa Newry, Ireland, mwaka 1872, aliyefanya kazi karibu maisha yake yote Cambridge. Alikuwa na mazoea ya kujifanyia majaribio mwenyewe. Wakati huo kulikuwa na ubishi: John Scott Haldane wa Oxford alishikilia kwamba mapafu, hasa ya mtu aliye mlimani, huisukuma oksijeni ndani ya damu kwa nguvu yake, kama pampu. Barcroft hakukubali. Mwaka 1920 akajifungia siku sita ndani ya chumba cha vioo, oksijeni ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikawa kama ya mita 5,500 hivi, chini kidogo ya kilele chetu cha Uhuru. Kichwa kikamgonga. Siku ya mwisho wakamchana kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, wakaifungua ateri, wakachota damu akiwa amepumzika na tena akiwa anapiga pedali za baiskeli. Ilitoka nyeusi-nyeusi. Kama mapafu yangekuwa pampu, ingetoka nyekundu ya kung'aa. Oksijeni haisukumwi, inateremka yenyewe kutoka ilikojaa kwenda ilikopungua, kama maji.

Hapo tuwaage waongo wawili. Wa kwanza ni yule anayesema damu isiyo na oksijeni ni ya bluu. Bluu ya vitabuni ni rangi ya mchoraji. Damu ya Barcroft iliyopungukiwa ilikuwa nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi. Wa pili ni yule anayesema juu ya Kilimanjaro oksijeni imekwisha. Sehemu yake katika hewa ni ileile, asilimia 21 kama ya Bagamoyo. Kinachopungua ni mkandamizo wa hewa nzima, hata kila pumzi unayovuta kileleni inabeba karibu nusu tu ya unayoipata pwani.

Msimu wa 1921 kuingia 1922 Barcroft akaenda na wenzake Cerro de Pasco, mji wa migodi nchini Peru ulio kwenye mita 4,300 hivi. Walipima mengi ya maana. Lakini pia aliandika kwamba wakazi wote wa milima mirefu ni watu waliopungukiwa nguvu za mwili na za akili. Daktari wa Peru, Carlos Monge, alimjibu kwa vipimo vya miaka mingi vya wakazi wenyewe wa milima ya Andes, na kwa kijembe: huenda aliyekuwa mgonjwa wa mlima ni Barcroft, na hakujijua. Nami naona kijembe kilistahili. Mtu amefika juzi, kichwa kinamuuma, anawatazama watu wanaochimba madini kwenye urefu huo kutwa, kisha anaandika kwamba wao ndio wenye kasoro.

Baada ya milima akageukia kiumbe mwingine anayeishi kwenye oksijeni haba: kondoo aliye tumboni mwa mama yake.

Hapa inabidi tueleze kondo la nyuma, maana ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko wote. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki, ukiacha chembe chache zinazopenya. Kondo ni kama stendi mbili zilizopakana, katikati kuna ukuta mwembamba wenye matundu. Magari hayavuki ukuta. Abiria ndio wanaovuka. Oksijeni inashuka kwenye himoglobini ya mama, inapenya, inapanda kwenye himoglobini ya mtoto, inaingia kwa njia ya kitovu. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na kundi la damu tofauti kabisa na la mama.

Sasa kwa nini abiria ashuke huku apande kule? Kwa sababu konda wa upande wa mtoto ana mikono mirefu zaidi. Himoglobini ya kijusi si ileile ya mtu mzima. Inaishika oksijeni kwa nguvu zaidi, inajaa hata pale abiria wakiwa wachache. Na wachache kweli. Damu bora kabisa anayopata kijusi, ile inayotoka kwenye kondo, ina mkandamizo wa oksijeni wa milimita 30 hivi za zebaki, wakati ateri za mama zina karibu 100. Mwaka 2007 wapandaji wanne walichotwa damu kwenye mita 8,400 za mlima Everest, na wastani wao ulikuwa 24.6. Wanafiziolojia wana msemo wao kuhusu jambo hili, kwamba kila mmoja wetu ameanza maisha yake kwenye Everest. Lama naye, mnyama wa mizigo wa milima ya Andes, ana himoglobini inayong'ang'ania oksijeni vivyo hivyo.

Konda huyu wa kijusi ndiye jibu la wale wazazi wa selimundu. Kasoro ya selimundu imo kwenye kipande cha himoglobini ya ukubwani kiitwacho beta. Himoglobini ya kijusi haina kipande hicho. Mahali pake ina kingine. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake ni hiyo ya kijusi, na katika miezi sita hivi inapungua na kuipisha ya ukubwani. Hapo ndipo chembe zinaanza kujikunja kama mundu, vidole vinavimba, mtoto analia usiku. Hakurogwa mwezi wa tano, wala hakuambukizwa. Alizaliwa na ugonjwa, ila alikuwa amevaa koti la tumboni. Na dawa ya haidroksiyurea wanayopewa wagonjwa wengi, mojawapo ya kazi zake ni kuuamsha mwili utengeneze tena kiasi fulani cha himoglobini ile ya zamani.

Turudi kwa jirani na swali lake: nani anaamuru?

Jibu la kwanza lilitoka kwa Wilhelm Preyer, Mjerumani aliyeandika mwaka 1885 kwamba kifaranga ndani ya yai hujitikisa siku kadhaa kabla hajaweza kuitikia mguso. Mguse, hajui. Mwache, anacheza. Watu wakalipuuza jambo hilo kwa miongo mingi, kwa sababu elimu ya wakati ule iliamini kila mjongeo ni itikio: kuna kichochezi, kisha kuna jibu. Miaka ya 1960 Viktor Hamburger na wenzake huko St. Louis, Marekani, walilithibitisha kwa ukali zaidi. Walizikata neva zinazopeleka hisia za mguu kwenye uti wa mgongo, wakautenga uti na ubongo, na miguu ya vifaranga ikaendelea kujirusha. Basi amri haitoki ubongoni wala haitoki nje. Chembe za neva za uti wa mgongo hujiwasha zenyewe kwa makundi, zinatulia, zinajiwasha tena. Ni kama fundi anayepiga resi gari likiwa bado juu ya jeki. Haendi popote, anajaribu injini.

Na resi hizo si za bure. Kijusi cha kuku kikipewa dawa ya kupoozesha misuli ndani ya yai, viungo vyake havifunguki vizuri. Magoti na vifundo hutoka vimegandana. Kucheza ndiko kunakochonga maungio.

Kwa kondoo mambo yanakolea. Katika miaka ya 1930, Barcroft na Mmarekani Donald Barron walimfanyia kondoo mwenye mimba nusukaputi ya uti wa mgongo, wakamlaza kwenye beseni la maji ya chumvi yenye joto la mwili, wakamtoa mwanakondoo ndani ya maji hayo akiwa bado ameunganishwa kwa kitovu. Kisha wakawa wanamgusa polepole. Mimba ya kondoo ni siku 147 hadi 150. Karibu na siku ya 35, ukimgusa usoni, shingo inashtuka kidogo, basi. Siku chache baadaye mshtuko mmoja unasambaa mwili mzima. Kufikia siku ya 50 mguso mmoja unaleta mfululizo wa mijongeo yenye mahadhi, ikiwemo ya kifua, kama mtu anayepumua.

Halafu, baada ya siku ya 60 hivi, kimya. Mguse, hashtuki. Ukiwa hujui ungesema amekufa au neva zimeharibika.

Mimi nalifananisha na darasa kabla mwalimu hajaingia. Kelele, madawati yanagongwa, kila mtoto na lake. Mwalimu anaingia, ghafla kimya. Watoto wako palepale na sauti zao wanazo. Barcroft na Barron walimtoa mwalimu nje: walikata shina la ubongo la mwanakondoo aliyekwisha kutulia, na ile mijongeo ya siku za nyuma ikarudi. Sehemu za juu za ubongo zilikuwa zimekua na kuanza kuushika uti wa mgongo. Ubongo unaanza kazi yake kwa kuzuia.

Na hapa damu inaingia tena. Walipokibana kitovu, oksijeni ikashuka, na mwanakondoo mtulivu akaanza kurusharusha viungo kama yule wa siku ya 50. Tafsiri yao ilikuwa kwamba sehemu za juu za ubongo ndizo zenye njaa kubwa ya oksijeni, hivyo ndizo zinazozirai kwanza. Mwalimu ameanguka, darasa limelipuka. Napenda sana jaribio hili, kwa sababu kwenye beseni moja unaona kwamba utulivu ni kazi inayogharimu, na gharama yake inalipwa na damu.

Lakini tusilichukue zima-zima tukampelekea mjamzito. Yule alikuwa mwanakondoo wa katikati ya mimba, ametolewa nje ya tumbo, amebanwa kitovu ghafla. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kundi la Geoffrey Dawes huko Oxford liliweka vipimo ndani ya kijusi na kumrudisha tumboni akaendelea kukua. Wakakuta kwamba hanyamazi moja kwa moja. Ana vipindi: analala, anachezesha macho chini ya kope, anafanya mazoezi ya kupumua kwa kuvuta na kutoa maji ya uzazi. Hapumui kwa maana ya kupata oksijeni, hiyo inatoka kitovuni; anaizoeza misuli ya kifua. Na wa siku za mwisho, oksijeni ikipungua, hufanya kinyume cha yule wa Barcroft: huacha mazoezi ya kupumua, hupunguza kurusha miguu, hubana matumizi.

Kwa hiyo ile kauli ya "siku za mwisho mtoto hupunguza kucheza, nafasi imebana" ni hatari. Namna ya mchezo hubadilika kweli; mateke ya ghafla hugeuka kuwa kujinyoosha na kujigeuza. Ila ule mchezo aliouzoea mama usipungue. Ukipungua, kwenda kituo cha afya ni leo, si kesho asubuhi, na si baada ya kunywa soda baridi na kusubiri. Mama husikia mchezo wa kwanza kati ya wiki ya 16 na 20 hivi, wa mimba ya kwanza akichelewa kidogo, ingawa kwenye picha ya utrasaundi mtoto ameshaanza kujitikisa tangu wiki ya saba au ya nane. Wiki zote hizo alikuwa akipiga resi juu ya jeki bila mwenye gereji kujua.

Siku ya 21 jirani aliniita tena. Vifaranga vilikuwa vinatoka, vimelowa, vibaya wa sura, na kimoja kilikuwa tayari kimesimama kwa miguu inayotetemeka kabla manyoya hayajakauka. "Ona hiki," akasema. "Kimezaliwa saa hii. Mjukuu wangu ana miezi kumi, bado anatambaa. Watu wanasema nimfukie miguu mchangani ili atembee upesi."

Nikamwambia mchanga auache. Mwaka 2009 watafiti wa Lund, Sweden, waliwalinganisha wanyama wanaonyonyesha wa aina 24, tangu panya hadi tembo na binadamu. Ukihesabu kuanzia siku ya kuzaliwa, sisi tunaonekana wavivu: ndama wa nyumbu huko Ndutu anasimama baada ya dakika chache, wetu anangoja mwaka. Ukihesabu kuanzia mimba kutungwa, mkanganyiko unaondoka. Kadiri ubongo wa ukubwani wa aina fulani ulivyo mzito, ndivyo inavyochukua muda mrefu hadi kutembea, na binadamu yumo kwenye mstari uleule na wengine. Nyumbu amemalizia darasa lake tumboni. Sisi tunatolewa shule haijafungwa. Kuku hakuwamo kwenye orodha ile, nikaona nimwambie na hilo.

Akahesabu kwa vidole. "Basi mjukuu wangu ana miezi kumi na tisa."

"Kama hivyo."

Alipotoka kutupa maganda, nilimkuta yule wa miguu inayotetemeka ameanguka kifudifudi juu ya mwenzake, anajisukuma, anainuka tena.